Kijumba cha wageni shambani: piga hesabu kabla ya kufyatua tofali

Kila mwaka mpunga ukishauzwa, simu yangu inajaa swali moja: bwana shamba, hela hii niiweke wapi? Kuna anayetaka kuongeza ekari, kuna anayetaka bodaboda, kuna anayetaka mashine ya kukoboa. Mwaka huu swali limekuja na sura mpya. Kuna video zinazunguka kwenye simu za vijana: kijumba cha mawe huko Wales, Uingereza, kondoo wametawanyika mlimani, mvua inapiga dirishani, ndani moto unawaka na mkate uko mezani. Mgeni amelipa hela nzuri kulala hapo siku tatu apumzike tu. Na mwenye kijumba ni mkulima, sio mwenye hoteli.

Basi kijana anauliza: mimi nina ekari 12 hapa Isaka, nina kuku, nina bustani, nina miembe. Kwa nini na mimi nisijenge changu?

Jibu fupi: inawezekana. Lakini shika neno moja kabla hujaita fundi. Kijumba cha wageni kiwe soko la shamba lako, kisiwe shamba la pili ambalo la kwanza linalilisha. Nimeona zaidi ya mara moja mtaji wa mbolea na mbegu ukigeuka kuwa kuta zisizo na bati, na msimu unaofuata mtu anapanda nusu ya eneo. Leo tuichambue hii biashara vizuri, na hesabu tuiweke mezani.

(Na jamani, nasema "kijumba". Nikisema "nyumba ndogo" mtanisababishia kesi nyumbani.)

Kwanza, mkulima wa Wales anauza nini?

Wales ni nchi ya milima, baridi na mvua nyingi. Sehemu kubwa ya ardhi yake inafaa majani kuliko mazao ya kulima, ndiyo maana kondoo ni wengi kuliko watu, karibu mara tatu. Mkulima mdogo wa mlimani akitegemea kondoo peke yake, bei ikishuka anaumia. Wengi walichofanya ni kuangalia kile ambacho tayari kipo: ghala la mawe la zamani lisilotumika, zizi lililobaki tupu, nyumba ya mfanyakazi aliyehama. Wakalikarabati, wakaweka kitanda na jiko, wakaanza kupangisha kwa siku au kwa wiki.

Angalia mpangilio huo. Wengi walianza na jengo lililokuwa limesimama, sio na kiwanja kitupu. Na hela ya wageni inaingia pembeni ya mifugo, mifugo inaendelea.

Kitu cha pili kutoka kwao: serikali yao inahesabu siku. Kuanzia Aprili 2023, kijumba cha kupangisha huko Wales ili kihesabiwe kuwa biashara kwenye kodi ya majengo ni lazima kiwe kimepangishwa kweli siku 182 kwa mwaka. Zamani ilikuwa siku 70. Wapo waliolalamika sana, kwa sababu siku 182 ni nusu ya mwaka, na hata mahali pazuri kama pale kupata wageni nusu ya mwaka ni kazi. Kama kwao ni kazi, wewe wa Isaka usijidanganye kwamba chumba kitajaa kila siku.

Hapa Tanzania wapo waliofanya hivyo zamani

Msidhani hili ni jambo la wazungu wa Ulaya tu. Hapa kwetu kuna mashamba yanayopokea wageni kwa miaka mingi.

Karatu kuna Gibb's Farm, shamba la kahawa lililoanza kupokea wageni mwaka 1972. Mboga za mezani zinatoka bustani ya hapo hapo. Leo ni mahali pa bei kubwa, ila lilianza kama shamba la kahawa lenye vyumba vichache.

Lushoto kuna Irente, shamba la kanisa la Kilutheri. Watu wanapanda kule kuangalia mandhari ya Usambara, wanakula mkate, jibini na jemu vinavyotengenezwa pale, na wengine wanalala. Yaani maziwa yanatoka shambani yakiwa jibini, na jibini linamkuta mteja mezani.

Ila mfano unaotufaa zaidi sisi ni Kisolanza, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya, kilomita kama 50 baada ya Iringa mjini. Ni shamba la familia. Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Zambia au Malawi anafika pale amechoka, anakuta kijumba, anakuta nyama na mboga za shamba, analala, asubuhi anaendelea. Kilichowasaidia ni barabara. Hawakuhitaji kumshawishi mtu asafiri mpaka kwao. Mtu alikuwa anapita tayari.

Na Isaka ni mahali pa kupita. Tuna bandari kavu, tuna reli tangu enzi za tawi la Tabora kwenda Mwanza lililofunguliwa mwaka 1928, tuna barabara inayotoka Tinde kwenda Kahama, Lusahunga mpaka Rwanda na Burundi, na ujenzi wa SGR kipande cha Mwanza hadi Isaka chenye kilomita 341. Watu wanapita. Swali ni nani kati yao atalala kwako.

Mgeni wako ni nani hasa?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Anajenga, halafu ndio anatafuta mgeni. Tuanze na asiye mgeni wako: dereva wa lori. Dereva analala karibu na mzigo wake. Lori lenye kontena haliwezi kuingia njia ya shambani, na yeye hawezi kuliacha barabarani. Kwake uza chakula. Kitanda hatakuja kununua.

Wanaoweza kuwa wageni wako ni hawa:

1. Wafanyakazi wa miradi na migodi. Watu wa reli, watu wa bomba la mafuta (karakana ya kuandaa mabomba ipo Sojo, wilaya ya Nzega, sio mbali), wa Bulyanhulu, wakandarasi wao. Wiki nzima wako kwenye vumbi na kelele. Mwisho wa wiki wanataka mahali pa utulivu.

2. Familia za mjini. Kahama, Shinyanga, hata Mwanza. Kuna watoto wa Kahama leo hawajawahi kuona ng'ombe anakamuliwa. Mzazi atalipia hilo.

3. Msafiri mwenye gari dogo. Anatoka Dar au Dodoma kwenda Bukoba, Kigali au Bujumbura, jua limezama, hataki kulala kwenye gesti yenye baa chini ya dirisha.

4. Watoto wa nyumbani wanaoishi mbali. Desemba wanarudi kwa sherehe, harusi, kuhani msiba. Nyumbani kwa wazazi vitanda havitoshi, au wamezoea choo cha ndani.

Kundi la kwanza ndilo lenye hela ya haraka, na ndilo la kuogopa. Mradi ukiisha, watu wanaondoka. Kumbukeni Buzwagi pale Kahama: uzalishaji wa dhahabu ulifika mwisho mwaka 2021, na waliokuwa wamejenga vyumba kwa kutegemea wafanyakazi wa mgodi peke yao walijua maana yake. Usijenge kwa kutegemea kundi moja.

Anachonunua sio kitanda

Vitanda Isaka vipo tele. Gesti za barabarani zina bei ambayo wewe huwezi kushindana nayo, na usishindane. Mgeni wa shambani ananunua vitu vingine.

Utulivu. Hakuna muziki wa baa, hakuna honi. Giza la usiku lenye nyota. Hiki unacho bure, lakini kinaharibika kwa jenereta moja au redio ya mlinzi.

Usafi. Shuka nyeupe, neti isiyo na tundu, choo kisicho na harufu. Mgeni atavumilia njia mbovu, hatavumilia choo kichafu.

Hali ya hewa nzuri ndani. Kule Wales raha ni moto kwa sababu nje ni baridi. Kwetu raha ni kinyume: nje Septemba na Oktoba jua linachoma, ndani kuwe na ubaridi, mtungi wa maji baridi na kivuli cha mwembe. Ila asubuhi za Juni na Julai weka blanketi, usisahau.

Chakula cha hapa hapa. Asubuhi uji, mayai ya kienyeji, matobolwa au michembe na karanga, maziwa mgando, asali. Mchana wali wa Kahama au ugali wa mtama na nsansa. Usimpikie chipsi, chipsi kaziacha mjini.

Kitu cha kufanya. Kukamua, kuokota mayai, kuchuma nyanya, kuota moto jioni. Na kama familia au kijiji chenu kina ngitili, hapo mna hazina. Ngitili, lile eneo la malisho tunalolifunga wakati wa mvua na kulifungulia mifugo kiangazi, ndilo lililoirudishia Shinyanga miti. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Baada ya miaka kama 15 zilivuka hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mgeni akitembezwa kwenye ngitili na mzee anayejua jina na dawa ya kila mti, hilo hawezi kulipata kwenye gesti yoyote. Mzee naye alipwe, asiambulie soda tu.

Hesabu: hapa ndipo biashara inapokufa au kupona

Namba zifuatazo ni za mfano. Chukua daftari uweke zako, bei za kwenu na za fundi wako.

Tuseme unajenga kijumba kipya cha chumba kimoja na choo chake, pamoja na kitanda na tangi, kwa shilingi 9,000,000. Unatoza 40,000 kwa usiku, pamoja na kifungua kinywa.

Gharama za kila usiku mgeni anapolala:
- kifungua kinywa: 5,000
- kufua, sabuni, maji: 4,000
- ushuru na makato: 4,000
- malipo ya msaidizi: 3,000

Jumla 16,000. Inabaki 24,000.

Gharama za kila mwezi hata asipokuja mtu: mlinzi (sehemu yake), umeme au sola, vocha, marekebisho, vibali. Tuweke 120,000. Gawa kwa 24,000, unapata siku 5. Yaani wageni wa siku 5 za kwanza kila mwezi wanalipia gharama tu, wewe hujapata kitu.

Sasa rudisha ile 9,000,000 kwa miaka 3. Ni 250,000 kwa mwezi. Gawa kwa 24,000: siku 10 na kitu. Jumla unahitaji siku 16 kila mwezi, miaka 3 mfululizo, ndipo urudi ulipoanzia. Ukikopa, riba inaongeza siku nyingine. Nusu ya mwezi, kila mwezi, mvua na kiangazi. Unaona sasa kwa nini wale wa Wales walilalamika.

Njia ya pili. Pale nyumbani kuna chumba cha nje ambacho kaka alihama, au stoo ya tofali iliyobaki tupu. Ukarabati, dari, sakafu, choo, kitanda na neti: tuseme 2,500,000. Kwa miaka 3 ni kama 70,000 kwa mwezi, siku 3. Jumlisha na zile 5: siku 8 kwa mwezi. Hapo mtu anaweza kupumua.

Sasa ongeza shamba. Kuku wa kienyeji mnadani unamuuza 15,000 akiwa hai. Mgeni na mwenzake wakila kuku huyo huyo kapikwa kwa kuni, na ugali na mboga, wanalipa 35,000. Toa 7,000 za unga, mafuta, viungo na mpishi, inabaki 28,000. Umepata 13,000 zaidi ya mnadani kwa kuku yule yule. Wageni wa siku 8 wakila kuku 8 ni 104,000 zaidi kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya faida ya siku 4 za kulala, na hukutafuta mgeni mwingine.

Ongeza na anachobeba akiondoka: trei ya mayai, kilo 10 za mchele, lita ya asali, nyanya. Hapa hakuna dalali, hakuna nauli ya kwenda sokoni, hakuna gunia la kuozea kwenye kituo.

Hiyo ndiyo maana ya soko la shamba. Ukiona chumba chako kinauza kitanda peke yake, mboga unanunua Kahama na kuku unanunua kwa jirani, ujue umefungua gesti iliyo mbali na barabara. Hiyo haitakulipa.

Kitu kimoja vijana wengi hamkiweki kwenye daftari: kazi ya mama na dada. Nani ataamka saa 11 kuwasha moto? Nani atafua shuka? Ukisema "mama yupo", umeficha gharama, hujaifuta. Iandike na uilipe. Siku mama akienda msibani wiki mbili, biashara isisimame.

Kama unajenga au kukarabati

Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapita juu kutoka mashariki hadi magharibi. Kwa hiyo kuta ndefu na madirisha ziangalie kaskazini na kusini, ukuta mfupi ndio upokee jua la jioni. Kibaraza kipana kinafanya kazi kuliko feni. Bati bila dari ni tanuri mchana na ngoma wakati wa mvua. Ukipata nyasi nzuri na fundi mzuri, paa la msonge linapooza na linapendeza, ila kumbuka moto na mchwa, na kuezeka upya baada ya miaka kadhaa. Tofali la udongo lililochomwa vizuri linatosha. Wageni hawaji kuangalia vigae.

Maji. Mgeni anayeoga bafuni na kutumia choo cha kuvuta anaweza kumaliza lita 100 kwa siku. Wageni wawili lita 200. Simtanki la lita 5,000 linakaa siku 25. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 800 kwa mwaka, ukitoa kinachopotea robo hivi, unavuna kama lita 30,000. Mabomba ya maji ya Ziwa Victoria yamefika maeneo mengi ya Kahama, lakini bomba likikatika Jumamosi mgeni hatamlaumu wa idara ya maji. Atakulaumu wewe. Maji ya kuoga yakielekezwa kwenye migomba au miche ya mipapai, hayapotei.

Shimo la choo liwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na liwe upande wa chini wa mteremko.

Mgeni, mifugo na dawa

Hapa naongea kama bwana shamba. Mwaka 2001 Uingereza walipatwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Mashamba zaidi ya 2,000 yaliambukizwa, mifugo zaidi ya milioni 6 iliuawa kuzuia ugonjwa. Njia za kutembelea mashambani zikafungwa, na wenye vijumba vya wageni, hata wale ambao hawakuwa na mnyama mmoja mgonjwa, wakakaa bila mteja. Ugonjwa wa shamba ni ugonjwa wa chumba pia. Ndugu hao wawili wanakula sahani moja.

Kwa hiyo:

- Banda la kuku lisiwe la kutembelewa ovyo. Mgeni alikuwa shamba gani jana? Hujui. Kideri kinaweza kuja na soli ya kiatu. Weka beseni la dawa ya kukanyagia mlangoni, au mgeni aangalie kwa nje na mayai uyaokote wewe umletee mtoto ayapokee.
- Kama unafuga nguruwe, banda hilo lifungwe kabisa kwa wageni. Homa ya nguruwe haina tiba wala chanjo ya kutegemea hapa kwetu, na mabaki ya nyama ya jikoni usiwape nguruwe.
- Maziwa yachemshwe. Mgeni akiomba mabichi kwa sababu "ndio asili", mwambie hapana.
- Stoo ya dawa iwe na kufuli. Watoto wa mjini wanafungua kila chupa.
- Usinyunyizie dawa mgeni akiwepo, na zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa zifuatwe kabla ya kumruhusu mtu achume nyanya na kula pale pale. Kama huwezi kufuata, hiyo bustani usimuonyeshe.

Ardhi na karatasi

Hili ndilo linalovunja familia. Ardhi ni ya nani? Kama ni ya baba au ya ukoo, kaa nao kikao kabla ya tofali la kwanza. Muandikiane: kijumba ni cha nani, mzee akifariki itakuwaje, ndugu wanapata nini. Mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wasaini. Kijumba kisipoingiza kitu hakuna atakayekiuliza. Kikianza kuingiza, kila mtu atakumbuka kwamba shamba ni la babu. Kama ardhi ni yako na huna hati ya kimila, anza kuifuatilia kijijini sasa.

Baada ya hapo nenda halmashauri (kwa Isaka ni Msalala) uulize mambo haya kwa mpigo: kibali cha ujenzi, leseni ya biashara ya kulaza wageni, ukaguzi wa afisa afya, na ushuru wa nyumba za wageni unaotozwa kwa kila usiku. Namba ya mlipa kodi na risiti ni TRA. Nenda kabla ya kuweka bei, kwa sababu ile 4,000 niliyoweka kwenye mfano lazima uibadilishe na namba halisi ya kwenu.

Kitabu cha wageni kiwepo tangu siku ya kwanza: jina, namba ya kitambulisho, anakotoka, anakokwenda, simu. Tuko kwenye njia ya kwenda mipakani na kwenye ukanda wa dhahabu. Siku polisi wakiuliza nani alilala hapa Jumanne, uwe na jibu.

Na amua mapema kuhusu wageni wa saa mbili. Mnanielewa. Ukiwapokea, hela itaingia haraka, na familia ya Kahama yenye watoto haitakanyaga tena. Huwezi kuwa na wote wawili. Pombe hivyo hivyo: weka utaratibu, uandike ukutani.

Kalenda ya mwaka mzima

Kijumba kisigombanie watu na shamba. Novemba na Desemba unapanda, Januari na Februari unapandikiza mpunga, njia ina tope na wewe huna muda. Miezi hiyo pokea wachache, isipokuwa wiki za Krismasi na mwaka mpya ambapo watoto wa nyumbani wanarudi. Mei hadi Agosti ndio msimu wako: barabara kavu, hewa nzuri, mavuno yapo, shule zinafunga Juni, kuna Saba Saba na Nane Nane. Juni pia kuna ngoma za Bulabo pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Watu wanaosafiri kwa ajili ya utamaduni wa Kisukuma wanaweza kupita kwako wakienda au wakirudi. Septemba na Oktoba joto ni kali, kivuli na maji ndivyo vitakuuza.

Matengenezo makubwa yafanye Oktoba, kabla ya mvua na kabla ya Desemba.

Jaribu miezi 6 kwanza

Usichukue mkopo leo. Fanya hivi:

1. Chagua chumba kimoja kilichopo. Kisafishe, kitanda kizuri, neti, choo safi. Nunua shuka seti tatu.
2. Lala humo mwenyewe siku mbili. Utasikia panya, utajua bomba linavuja wapi, utajua saa ngapi joto linazidi.
3. Alika familia mbili unazozifahamu kutoka mjini kwa bei nusu, kwa sharti moja: wakuambie ukweli kila kibaya walichokiona.
4. Weka alama ya shamba lako kwenye ramani ya Google, piga picha za kweli mchana, tuma kwenye makundi ya WhatsApp ya Kahama na Shinyanga. Picha isizidi uhalisia. Mgeni aliyedanganywa anaongea kuliko aliyefurahi.
5. Anayeweka nafasi atume malipo ya awali kwa simu. Asiyetuma, usimchinjie kuku.
6. Kila mwezi andika namba tatu: siku ulizouza, hela ya chumba, hela ya mazao yaliyoliwa au kununuliwa na wageni.

Baada ya miezi 6 angalia daftari. Kama umefika siku 8 kwa mwezi angalau miezi minne, na hela ya mazao inakaribia hela ya chumba, una biashara. Ongeza chumba cha pili kwa faida ya cha kwanza. Kama uko kwenye siku 3 au 4, chumba kibaki cha wageni wa familia, na ile 2,500,000 hujaipoteza yote, nyumba imependeza. Ila fikiria mwenzako aliyetumia 9,000,000 akagundua jambo hilo hilo. Huyo ameuza ng'ombe.

Na mbolea ya msimu ujao inunuliwe kwanza kabla ya hayo yote. Shamba likilala, mgeni atakuja kuangalia nini?

Wenye chumba tayari, nileteeni namba zenu tatu za mwezi huu tuzipitie pamoja. Wiki ijayo tunarudi kwenye maghala: namna ya kukausha mpunga usivunjike kinuni. Kazi njema.